Mia mara mia

Haya jamani, mwenzenu bado ni mzima, ingawa mabega yanakataa. Leo kuvaa sweta tu nimetumia dakika nzima. Mapumziko ya Krismasi yameisha, wenzetu wanarudi chuoni na mabegi yao na stori za nyumbani, na kila mmoja ananiuliza, "Likizo ilikuwaje?" Nawajibu ilikuwa ya maji. Wanacheka. Wanadhani nilikwenda Florida.

Sikwenda popote. Nilibaki hapa hapa Minnesota, wiki tatu na siku mbili, nikiogelea.

Kwa wasiojua mambo ya timu za kuogelea za vyuo vya Marekani, ngoja niwape picha. Muhula ukifungwa Desemba, wanafunzi wote wanaondoka na mabweni yanafungwa. Ila sisi waogeleaji tunakusanywa kwenye jengo moja na kazi inaanza. Huu ndio msimu wa kuogelea wa vyuo, na kwa kuwa hakuna darasa wala insha ya kuandika, kocha anakuwa na wewe mzima mzima. Mazoezi asubuhi saa 11 na nusu, mazoezi tena mchana saa 8. Jumatano na Jumamosi ni asubuhi tu, Jumapili unalala kama gogo. Kila zoezi ni kama yadi 5,500 (mabwawa yao mengi ya vyuo ni ya yadi 25, si mita, na yadi ni pungufu kidogo ya mita). Nilipiga hesabu usiku mmoja nikiwa sina usingizi: mazoezi kumi kwa wiki, yadi 55,000, yaani kilomita 50 na ushee. Hiyo ni kama kutoka Tanga mjini hadi Pangani. Kila wiki. Halafu unakwenda na kurudi kwenye kibwawa kimoja ukitazama mstari mweusi chini.

Jua huku mwisho wa Desemba linachomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni. Kwa hiyo unaingia kwenye maji ni giza, na ukitoka la mchana giza linaingia tena. Siku ya kwanza nilitoka bila kukausha nywele vizuri, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Kabla sijafika hosteli nywele zimekuwa miiba. Nilizishika zikalia kach kach. Sijarudia.

Mimi kuogelea nilijifunza baharini, Raskazone, kabla sijaanza shule. Hakuna aliyenifundisha, uliingia na wenzako na ukatoka unajua. Bwawa la kweli nimelikuta Moshi, shule ya sekondari niliyopata ufadhili. Sasa mtu wa bahari ana ugonjwa mmoja: anaogelea kichwa juu. Baharini lazima uone wimbi linatokea wapi, na maji ya chumvi yanakubeba, miguu haizami. Maji baridi ya bwawani hayakubebi hivyo. Ukiinua kichwa, miguu inashuka na unakuwa unaburuta mwili wako mwenyewe kama jahazi lenye nanga chini. Kocha ametumia nusu ya likizo hii kunikandamiza kichwa, kwa maneno na wakati mwingine kwa fimbo ya ufagio (ananigusa tu kisogoni, msije mkanishtakia!). Tatizo la pili ni kupinduka ukutani. Mbio yangu ni yadi 200 mtindo huru, maana yake bwawa mara nane na kupinduka mara saba. Mara saba wenzangu wananiacha hapo, mimi nawafukuza katikati.

Kuna kijana wa mwaka wa kwanza aliniuliza, bila ubaya wowote, kama Afrika watu wanaogelea kweli. Nikamwambia akamtafute Kirsty Coventry, Mzimbabwe, aliyesoma na kuogelea Auburn hapa hapa kwao, dhahabu Athens 2004 na Beijing 2008 mita 200 mgongo, na tangu 2025 ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Na Jason Dunford wa Kenya, wa Stanford. Kijana alisoma simu yake kimya, halafu akaniomba radhi. Nilijisikia vizuri kwa kama saa moja hivi. Halafu nikakumbuka kwamba mimi si Coventry, ni mtu anayetafuta nafasi ya mwisho kwenye timu.

Na hapo ndipo penye stori yenyewe.

Dada yangu ameolewa Desemba hii. Tarehe ilipangwa tangu mwezi wa saba. Shangazi yuko Muscat, alisema tiketi yangu juu yake. Nami niliwaambia nyumbani kwamba chuo hakinipi ruhusa, kuna mitihani ya ziada.

Hakukuwa na mitihani. Kocha alisema wazi kwamba hakuna anayelazimishwa kubaki, ila timu ya Februari inatengenezwa Desemba na Januari. Mashindano ya kanda ni Februari, nafasi zina kikomo, na mimi mwaka jana nilikaa jukwaani nikipiga makofi. Nikachagua. Uchaguzi wenyewe naweza kuutetea mbele ya mtu yeyote. Uongo ndio siwezi.

Sasa baba yetu alifariki nikiwa darasa la sita, na babu mzaa baba alishatangulia. Kwa utaratibu wa dini, walii wa dada ni mimi, mdogo wake wa kiume wa tumbo moja, tena wa pekee. Kwa hiyo hata kama siko, lazima nimwakilishe mtu. Baba mdogo akasema hamna shida, utaniwakilisha kwa simu, dakika mbili. Ndoa Jumamosi baada ya sala ya alasiri, kama saa 10 na robo. Nikatoa saa tisa za tofauti: saa 1 na robo asubuhi kwangu.

Jumamosi ile ile kocha akabandika karatasi ukutani: mia mara mia.

Ni desturi ya waogeleaji wengi wa huku kuelekea mwaka mpya. Yadi 100, mara 100, unaondoka kila baada ya dakika moja na nusu. Ukifika mapema unapumzika, ukichelewa hupumziki. Yadi 10,000, saa mbili na nusu bila kutoka majini. Nilimweleza kocha kuhusu simu. Alinitazama kidogo, akasema, "Nenda tu. Ukirudi, rudi."

Tulianza saa 11 na nusu kamili. Ishirini za kwanza unapiga soga ukutani. Kuanzia arobaini hakuna anayeongea. Mimi nilikuwa nafika kwa dakika 1 na sekunde 12, napata sekunde 18 za kuhema, naondoka tena. Akili yangu yote ilikuwa kwenye saa ya ukutani, na si kwa ajili ya kuogelea. Baada ya ya 68 nikapanda nje, saa 1 na dakika 12. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nikavaa lile koti refu la timu lenye kofia, nikaingia kwenye korido.

Simu ikaita. Ya video!

Kumbe shehe alitaka kumwona anayewakilisha, asije akawa mtu yeyote tu. Nikapokea. Msikiti umejaa kanzu nyeupe, baba mdogo kavaa joho, bwana harusi kainamisha kichwa. Na mimi huku natweta, macho yana alama za miwani kama bundi, maji yanachuruzika puani. Shehe akaniuliza jina langu na la baba yangu. Nikajibu. Akaniambia niseme. Nikasema, ami yangu, nimekuwakilisha umwozeshe dada yangu kwa niaba yangu kwa mahari mliyokubaliana. Sauti ilikatika kwenye neno "dada". Watadhani ni mtandao. Wakati huo huo filimbi ya kocha ikalia nyuma yangu, na vishindo vya maji.

Baba mdogo akasogeza uso kwenye kioo. "Uko wapi, baba?"

"Chuoni, baba."

Hakuuliza zaidi. Akasema baki usikilize. Nikabaki, nimeegemea tofali za baridi, nikasikia hotuba, nikasikia bwana harusi akikubali, nikasikia takbiri. Nilirudi majini saa 1 na dakika 24. Zilikuwa zimenipita nane. Nikaingia na wenzangu kwenye ya 77 na kufika nao mwisho saa 2 kamili. Watu walikumbatiana, wengine walilala chini pale pale kando ya bwawa.

Mimi nilibaki kwenye maji. Nilikuwa nimefanya 92. Kocha hakusema kitu, ila hakuizima saa. Yule kijana wa mwaka wa kwanza alikuwa ameshajifuta, akavua taulo na kurudi ndani, tukazifanya nane wawili. Mchana niliwapikia timu nzima pilau kwa mchele wa duka la Wakenya wa Minneapolis na nikawaambia ni ya harusi ya kwetu. Sufuria lilirudi tupu.

Usiku dada akatuma ujumbe wa sauti. Nyuma kuna ngoma na vigelegele. Akasema, "Mitihani huko mnafanyia majini siku hizi?" Basi, hivyo tu. Nikamwandikia ukweli wote, mrefu, bila kujipamba. Alama mbili za buluu. Kimya siku nne.

Juzi tulifunga mazoezi kwa kupimwa muda. Novemba nilikuwa na 1:48.9. Baada ya kilomita zote hizo nimeogelea 1:49.6. Polepole kuliko nilipoanza! Kocha hakushangaa, anasema mwili umechoka, kasi itakuja akianza kutupunguzia kazi, wiki mbili au tatu kabla ya mashindano. Labda. Wakubwa wa timu wanasema ndivyo inavyokuwa.

Jana usiku dada akaandika: "Hiyo mbio yenyewe lini?"

Nikampa tarehe.

"Saa ngapi huku?"

Fainali ni saa 12 jioni, kwa hiyo Tanga ni saa 9 usiku. Akaandika, "Haya, nitaweka kengele. Shemeji yako pia ataamka, atake asitake."

Sijamwambia kwamba orodha ya timu bado haijatoka.