Mbau hauhami

MAMBASA, ITURI – Familia zinazokimbia vita kutoka vijiji vya Irumu na upande wa Beni, zikifuata barabara ya taifa namba 4 kuelekea Epulu, zinafika mahali ambapo msitu unafunga pande zote mbili. Baba aliyeacha shamba lake la muhogo na ndizi anatazama miti ile na kuuliza swali ambalo wenyeji wamelizoea: msitu mkubwa hivi, mbona hakuna anayeulima?

Swali hilo si la ujinga. Ni swali la mtu mwenye watoto wanaolala njaa. Lakini jibu lake ni refu, na anayefika leo anastahili kulisikia lote, si neno «marufuku» peke yake.

Upande wa sheria ni mwepesi kueleza. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992. Ina karibu kilomita za mraba 13,700, kama sehemu moja ya tano ya msitu wote wa Ituri. UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata, kwa sababu ya vita, ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini hapa wenyeji hawakuondolewa kama ilivyofanyika penginepo. Wambuti, Wabila, Wandaka, Walese na wengine wanaishi humo, na mashamba yana sehemu zake kandokando ya barabara.

Upande wa miti yenyewe ndio ambao watu wengi hawajaelezwa. Sehemu kubwa ya msitu huu imeshikwa na mti mmoja: mbau. Katika msitu wa mbau mtu anaweza kutembea muda mrefu akiona mti uleule, mrefu, wenye majani mazito yanayozuia jua. Chini kuna giza, na majani makavu yamerundikana kwa sababu yanaoza polepole. Mimea mingine inashindwa kuota hapo. Mche wa mbau unaweza. Unavumilia kivuli miaka mingi, unangoja mti mkubwa uanguke upate mwanga.

Mbegu ya mbau ni kubwa na nzito. Haibebwi na upepo, na ndege hawaimezi kwenda kuitupa mbali. Ganda likikauka linapasuka na kuirusha mita chache tu kutoka kwa mti mama. Kwa hiyo msitu wa mbau unasogea kwa hatua ndogo sana, kizazi baada ya kizazi cha miti. Pale unapoonekana umejaa, ujue umechukua karne nyingi kufika.

Hapo ndipo jibu la yule baba linapoanza. Ukikata mbau na kuchoma, muhogo utaota, na mpunga utaota. Baada ya misimu michache udongo unachoka, unaacha shamba. Kinachorudi haraka ni miti laini kama parasolie. Mbau hautarudi katika maisha yako wala ya wajukuu wako, kwa sababu mbegu yake haijui kusafiri. Lakini mwenye kulima tena mahali palipolimwa na kupumzishwa hapotezi kitu hicho. Kazi ya kukata ni ndogo kuliko kuangusha mbau, na wenye ardhi wanajulikana.

Msitu huu umewahi kuwaadhibu wageni wasioujua. Mwaka 1887 Stanley alipita Ituri na wapagazi ambao wengi wao walikuwa wamekodiwa Zanzibar. Wengi walikufa kwa njaa katikati ya miti hii hii, huku Wambuti wakiishi humo humo. Misafara ya pembe za ndovu ya zama zile iliacha nyuma makovu ya utumwa, na iliacha pia Kiswahili ambacho leo Mbila, Mlese na mhami kutoka Beni wanakitumia kusikilizana sokoni. Wambuti walijua ni mwaka gani mbau umezaa na jinsi ya kupika mbegu zake wakati chakula ni haba. Walijua asali iko juu ya mti gani, na majani ya mangongo ya kuezekea yanapatikana wapi. Ujuzi huo bado upo, lakini unahitaji msitu uliosimama.

Okapi naye ni hivyo hivyo. Dunia ya wataalamu ilimjua mwaka 1901 tu, wakati Wambuti walikuwa wakimjua tangu mababu. Porini haishi katika nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Anakula majani yanayoota pale mti mkubwa ulipoanguka na kuacha mwanga. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia kituo cha Epulu. Watu waliuawa, wakiwemo walinzi, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale waliangamia. Siku ile watu wa Epulu nao walikimbia na mabunda kichwani. Walionyang'anywa msitu na walionyang'anywa kijiji walikuwa watu wale wale.

Kwa hiyo si haki kumfanya mhami kuwa adui wa kwanza wa mbau. Shoka la mama anayetafuta kuni si sawa na mashini za dhahabu zinazochimbua kingo za mito ndani ya hifadhi. Mlinzi anayemfukuza mama yule bila kumwonyesha mahali pengine pa kulima anamfundisha tu kurudi usiku. Wakubwa wanaosema msitu ulindwe wana deni: chakula kwa waliofika, sehemu ya kulima inayojulikana, na usalama wa kurudi kwao.

Na mhami naye ana upande wake. Yeye ndiye anajua kuliko wengine maana ya kurudi na kukuta kitu kilichokuwa chako hakipo tena. Amani ikirejea, familia itafunga mizigo na kurudi Irumu au Beni. Mbau hauhami. Utabaki na wenyeji walioufungulia mgeni mlango, ukiwa umesimama au ukiwa kisiki.

Kabla panga halijagusa mti, basi, kuna hatua moja isiyo na gharama: kwenda kwa mzee wa kijiji na kumuuliza, «Baba, zamani mlilima wapi?»