Injini ya Gari la Wakfu

Sisi Waislamu wa Simiyu si wengi, na tumetawanyika. Mkoa wetu, ulioanzishwa mwaka 2012, una wilaya za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, na katika vijiji vingi Muislamu ni nyumba moja au mbili kati ya mia. Kifo kikitokea Mwanhuzi au Lagangabilili, jamaa huwapigia simu ndugu zao wa Bariadi mjini. Mgonjwa akifia Mwanza, maiti hurejeshwa kwa njia ya Lamadi. Dini imetuhimiza tuharakishe kumzika maiti, lakini huwezi kuharakisha kama huna chombo. Kwa sababu hiyo, gari la msikiti kwetu si pambo wala fahari.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya zamani, aina ile ambayo watu huiita "mkonga" kwa ajili ya bomba lake refu la kuvutia hewa. Familia moja iliitoa wakfu kwa ajili ya mazishi na kazi za madrasa. Injini yake ilikuwa 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita 4,164, isiyo na turbo, ambayo Toyota ilianza kuifunga katika magari haya mwaka 1990. Mwaka jana, baada ya miaka mingi ya tope la mbuga na vumbi la kiangazi, ilichemka hadi bloku ikapasuka. Fundi wetu aliichunguza, akapangusa mikono yake na kutuambia kwamba hapo hapana matengenezo tena. Itafutwe injini nyingine.

Mimi ni katibu wa kamati. Elimu niliyoipata chuoni ni ya fiqhi na lugha, si ya pistoni. Hata hivyo aliyepewa dhamana ya mali ya Waislamu hana budi kujifunza kile ambacho mali hiyo inakihitaji. Nimeona niwaandikie ndugu wasomaji yale tuliyojifunza, kwa kuwa familia nyingi zina gari kuukuu la kuchukulia mazao au watoto, na siku moja zitafikwa na swali hilihili.

Kabla hatujaanza kutafuta, tulipata zawadi. Alhaji mmoja, mfadhili wetu wa siku nyingi, alikuwa na injini ya 1KZ-TE iliyotolewa katika Prado iliyopata ajali. Alituahidi kutupa bure. Ni injini nzuri katika gari lake: lita tatu, silinda nne, yenye turbo. Wajumbe wengi walifurahi, na ni nani asingefurahi? Michango ilikuwa imekusanywa kwa shida, sehemu kubwa na kina mama wanaouza choroko na dengu.

Fundi alipoulizwa hakukubali wala hakukataa. Alitueleza mambo. Pampu ya mafuta ya injini ile inaongozwa kwa kompyuta, hivyo injini haiji peke yake: huja na kompyuta yake, nyaya zake na vihisi vyake vyote. Mahali inapoungana na gia boksi hapalingani na gia boksi yetu. Mikono ya kuishikilia kwenye chesesi itabidi ikatwe na kuchomelewa upya. Shafti ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu huenda ikahitaji kupunguzwa au kuongezwa. Rejeta nayo itafutiwe mpangilio mwingine. Kila kazi ina gharama, na kila kiungo kipya ni mahali pengine pa kuharibika.

Mwekahazina wetu, mama mtu mzima asiyezungumza sana, ndiye aliyekata shauri. Alisema: "Katibu, hiyo injini ya bure ikizimika Mwandoya usiku wa mvua, na maiti imo ndani, huyo fundi wa kompyuta tutamtoa wapi?" Hapakuwa na aliyemjibu. Fundi wa dizeli ya kawaida, mwenye spana na uzoefu, hupatikana karibu kila penye mnada na kiwanda cha kuchambulia pamba. Fundi mwenye chombo cha kusoma hitilafu za kompyuta hapatikani kila mahali.

Tukaamua kutafuta 1HZ nyingine. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba jina moja halimaanishi kitu kimoja. Muuzaji mmoja alituonesha 1HZ safi, bei nafuu, na herufi zile zile zimegongwa kwenye bloku. Fundi akainama na kutazama chini, kwenye sampu ya oili. Injini ile ilikuwa imetoka katika basi la Coaster. Coaster nazo zimefungwa 1HZ, lakini sampu yake na mikono yake ya kushikilia injini imetengenezwa kwa umbo la basi. Mkonga una ekseli nzima mbele, inayopanda na kushuka gari linapopita mashimo. Sampu isiyo yake inaweza kugongwa na ekseli hiyo. Kinachowezekana ni kuhamisha sampu ya injini ya zamani, pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, na mikono yake. Anayejua hili hununua injini ya Coaster kwa amani. Asiyejua hugundua injini ikiwa tayari inaning'inia kwenye winchi.

Pia kuna suala la umeme. Magari mengi ya dizeli yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalitumia volti 24, ilhali gari letu ni la volti 12. Ukichukua injini pamoja na stata na jenereta yake bila kuuliza, utaunguza vitu. Kadhalika breki: dizeli huhitaji pampu ya kuvuta hewa ili kanyagio la breki liwe jepesi. Injini ikifika bila pampu hiyo, au pampu imechoka, gari litakwenda vizuri na litakataa kusimama.

Kisha ni kuipima injini yenyewe. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani na kukuta unyevu uliofichwa chini. Alimkemea muuzaji kwa kutouweka wazi. Nami nikaona kuwa mnunuzi naye ana haki ya kuingiza mkono. Tulimwomba muuzaji asiiwashe kabla hatujafika, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi. Ikawashwa ikiwa baridi. Moshi wa buluu ungetuambia kwamba inakula oili. Moshi mweupe usiokoma ungetutia shaka ya maji kuingia ndani au mafuta yasiyoungua. Kifuniko cha oili kilifunguliwa tuone kama kuna utando mweupe kama maziwa. Mgandamizo ukapimwa silinda zote sita, kwani moja ikiwa dhaifu sana kuliko wenzake, hiyo si nafuu tena. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa hata kabla injini haijafungwa, maana hakuna ajuaye umetembea kilomita ngapi.

Mwisho ni karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo injini ikibadilika ni lazima TRA wajulishwe na kadi irekebishwe. Tulidai risiti na nyaraka za forodha. Injini isiyo na asili inayojulikana inaweza kuwa ya wizi, na haijuzu kumbeba maiti wa Kiislamu kwa mali ya dhuluma. Injini ya zamani iliuzwa kama chuma chakavu na thamani yake ikarudishwa katika gari lilelile, kwa kuwa kilichowekwa wakfu kwa gari hakihamishiwi kwenye zulia.

Kazi iliyokuwa nzito kuliko zote ilikuwa kumwendea Alhaji. Tulikwenda watatu, tukamshukuru, tukamweleza sababu moja baada ya nyingine. Alitusikiliza kwa heshima, lakini hakufurahi, na sidhani kama amefurahi hadi leo. Tunaendelea kumzuru na kumuombea, kwani nia yake ilikuwa njema na ujira wa nia uko kwa Mola wake. Ila dhamana tuliyopewa ni gari lenye kufika. Tangu lilipofungwa injini, limekwenda Meatu mara tatu na Mwanza mara mbili, na mara zote hizo maiti walizikwa siku ileile.

Wabillahi tawfiq.