Darubini Darini, Chumvi na Haki ya Jirani

Nyumba za Lamu zimejengwa zikiegemeana, na chumvi ya bahari huingia katika zote bila kubisha hodi. Hula bawaba za milango, hutoboa mabati, hutia vioo utando. Tulipoazimia, sisi wa nyumba hii, mama, mabinti wawili na bibi yao, kuweka darubini darini ili tupige picha za nyota, mambo mawili yalitukabili kabla ya nyota zenyewe: kuikinga darubini na hewa ya pwani, na kuwakinga majirani na darubini. La kwanza lilitaka bidii. La pili lilitaka adabu, na ndilo lililokaribia kutushusha darini.

Darubini yetu ni ndogo, upana wa lenzi yake ni milimita 80, na mahali pa jicho tumefunga kamera. Kwa kuwa dunia huzunguka, nyota huonekana zikisogea nyuzi 15 kwa saa. Kamera ikiachwa wazi nusu dakika bila kuzifuata, nyota hutoka kama vijistari badala ya nukta. Kwa hiyo darubini huwekwa juu ya kiti chenye mota, kinachokamilisha mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56, na mhimili wa kiti hicho sharti uelekee ncha ya mbingu. Watu wa Ulaya huielekeza mihimili yao karibu na Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko nyuzi 2 na kitu kusini ya ikweta, hivyo nyota hiyo imejificha chini ya upeo wetu, na ncha ya kusini iko chini mno, nyuma ya kuta za watu.

Viti vingi vimetengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta, na chetu hakikukubali kulala chini kiasi hicho. Seremala wa mtaa alituchongea kabari ya mbao ngumu, tukaiweka chini ya kiti hadi mhimili ukalala ipasavyo. Mwelekeo wa kusini tuliupata kwanza kwa dira, kisha tukausahihisha kwa nyota. Nyakati za kaskazi, mbingu inapofunguka, ukanda wa Jabari hupita karibu na utosi. Binti mkubwa huchagua nyota moja hapo, akaitazama dakika tano. Ikipotoka kuelekea kaskazini au kusini, huzungusha kiti kwa unywele mmoja, akatazama tena. Kisha hufanya vivyo hivyo kwa nyota ya mashariki, na mara hii hurekebisha mwinamo wa mhimili. Kazi hiyo humchukua saa nzima usiku wa kwanza. Baada yake tulitia alama za rangi sakafuni, pale miguu ya kiti inaposimama, na siku hizi robo saa hutosha.

Utunzaji una sheria zake, nasi tunazifuata kama mtu afuatavyo saa za dawa. Koga humea ndani ya lenzi hewa inapokuwa na unyevu mwingi, na ikikaa hula kioo chenyewe kwa namna isiyofutika. Kwa hiyo darubini na kamera hulala katika sanduku lisilopenyeza hewa, pamoja na kipima unyevu na punje za silika. Unyevu tunauweka kati ya asilimia 40 na 50. Punje zikibadilika rangi huwa zimeshiba, tukazikausha kwa moto mdogo katika sufuria kuukuu isiyopikiwa tena chakula, maana rangi za baadhi yake ni sumu. Wapo waliotushauri mchele, lakini mchele haufui dafu mbele ya unyevu wa Lamu.

Lenzi haifutwi ikiwa kavu, kwa kuwa chembe za chumvi na mchanga hukwaruza. Hupulizwa kwanza kwa kipulizio cha mpira, na kufutwa ni jambo la nadra. Umande tunauzuia kwa mkanda wa joto uliozungushwa karibu na lenzi. Usiku ukiisha, vyuma hupanguswa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, vikakaushwa, na sanduku halifungwi mpaka kila kitu kikauke.

Juma la tatu, jirani yetu mzee wa upande wa kusini alimtuma mjukuu wake na swali: lile jicho letu linatazama wapi? Tulikwenda kwake siku ile ile. Baada ya salamu alisema, "Wanangu, sina neno na nyota. Nina mabinti wanaokaa uani vichwa wazi." Alisema kweli. Sitara ya nyumba ni haki ya mwenye nyumba, na hakuna picha yenye thamani ya kuivunja. Mabinti wetu walinyamaza njia nzima tuliporudi, kwani walijua kwamba jirani asiporidhika, darubini itauzwa.

Tulizungusha dari kwa kiwambo cha makuti kirefu kuliko mtu, hata darubini isiweze kuona ila mbingu iliyo juu yake. Tukaweka na ada ya kutopanda kabla ya isha. Kisha tukamwalika jirani aje akague mwenyewe. Alipanda ngazi polepole, akainama kwenye darubini, akazungusha macho pande zote nne asione paa la mtu. Ndipo tukamwonyesha Mshtarii na miezi yake minne. Alitazama mpaka sayari ikatoka katika kioo, akasema, "Irudisheni." Tangu usiku huo, tukipanda, yeye huizima taa ya uani kwake, na nyumba mbili nyingine zimemfuata. Giza hilo hatukuweza kulinunua kwa fedha.

Katika giza hilo tulipiga picha 120 za wingu la nyota lililo chini ya ukanda wa Jabari, kila moja sekunde 30, na programu ya bure ikazijumlisha kuwa moja. Likatokea wingu jekundu lenye mbawa. Nuru ile iliondoka huko karibu miaka 1,300 iliyopita, katika karne za mwanzo za Hijra. Nyota ing'aayo mguuni mwa Jabari Wazungu huiita Rigel, nalo ni neno la Kiarabu, mguu. Mnamo mwaka 964 Abdurrahman al-Sufi aliandika kitabu cha nyota, na humo alitaja wingu dogo ambalo leo tunalijua kuwa kundi zima la nyota nje ya letu, yaani Andromeda. Bibi hakuhitaji kitabu: alinyosha kidole akatuonyesha Kilimia.

Mwezi mwandamo hukaa chini mno, na kiwambo chetu huuficha. Jioni za kuandama tunaichukua darubini peke yake hadi ufukweni, na haifunguliwi mpaka jua limezama kabisa, kwani kulitazama jua kwa lenzi hupofusha mara moja.

Familia itakayopenda kuanza, ianze na kamera na kiti cha miguu mitatu, pamoja na sanduku kavu. Lakini kabla ya hayo, ibishe hodi kwa jirani.