Chupa ya "nano" kwenye kitalu cha maua: ununue au uache?

Leo mahindi yapumzike kidogo, tuzungumzie maua. Baadhi yenu mnaouza miche ya bogenvilia na waridi kando ya barabara mmeanza kuletewa chupa zilizoandikwa "nano". Muuzaji anadai ukichovya kipandikizi humo kinatoa mizizi haraka, na ukinyunyizia waridi lako, maua yatabadilika rangi. Dai la kwanza lina chembe ya ukweli. La pili ni la kukufanya ufungue pochi.

Nano ni kipimo cha udogo. Milimita moja kwenye rula ya mwanafunzi ina nanometa 1,000,000, na chembe ya nano huwa kati ya nanometa 1 na 100. Unywele wako una unene wa nanometa zipatazo 80,000. Kwenye maua inayotumika sana ni chembe ya madini ya fedha, yaani fedha ya pete na mikufu, siyo ya mfukoni. Udogo wake unasaidia nini? Chukua muhogo mkavu. Ukiwa mzima hausongi ugali, lakini ukishasagwa unaiva mara moja, kwa sababu maji na moto vinaufikia kila upande. Fedha nayo ikigawanywa hivyo huachia kwa urahisi ioni zinazoua bakteria.

Faida yake inaonekana zaidi kwenye maabara za tishu kalcha. Huko kipande kidogo cha mmea hukuzwa ndani ya chupa yenye chakula kizito kama jeli, kilichotiwa sukari. Bakteria na ukungu wanaipenda sukari hiyo kuliko mmea wenyewe, na mmoja tu akiingia, chupa nzima inatupwa. Kiasi kidogo cha chembe za fedha hupunguza hasara hiyo. Tena ndani ya chupa iliyofungwa hujikusanya gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi mkizifungia kwenye pipa, na majani ya mche huanza kupukutika. Fedha huufanya mmea usiisikie gesi hiyo. Wakulima wakubwa wa maua ya kanesheni wamekuwa wakitumia dawa yenye fedha kwa sababu hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla neno nano halijawa la biashara.

Sasa njoo kitaluni kwako. Kipandikizi chako kimechomekwa kwenye mchanga, hakina sukari wala chupa iliyofungwa. Bakteria unaoua leo watarudi kesho na maji ya kumwagilia. Na fedha ikizidi hugeuka sumu: mizizi hudumaa, majani hugeuka kahawia. Vilevile haiozi kama samadi. Ukimwaga mabaki mtoni, viumbe wa majini wataumia.

Kuhusu rangi, watafiti wa Bydgoszcz, Poland, walichapisha mwaka 2020 kazi waliyofanya kwenye krisanthemamu aina ya Lilac Wonder. Vipande vya mmea vilikuzwa maabara pamoja na chembe za fedha, na baadhi ya mimea iliyotoka ikawa tofauti na mama yake. Hiyo ni kazi ya kutafuta aina mpya. Mabadiliko hutokea kwa kubahatisha, mengi hayana faida, na mtaalamu huchagua machache na kuyafuatilia kwa muda mrefu. Hakuna anayeagiza rangi kutoka kwenye chupa. Waridi jekundu lililokwishakua litabaki jekundu, na kipandikizi chake kitafuata mama. (Haidrenjia ndiyo hubadilika kati ya bluu na waridi, lakini hiyo ni kwa sababu ya uchachu wa udongo.)

Mwezi uliopita dada mmoja mwenye kitalu aliniletea chupa ya nusu lita aliyouziwa shilingi 35,000. Lebo haikutaja kilichomo, kiasi chake wala namba ya usajili. Alikuwa ametenga pesa hiyo kununua wavu wa kivuli, na jua la saa nane lilikuwa linamkaushia vipandikizi. Nilimwambia wazi kuwa wavu ungemwokolea miche mingi zaidi. Kiuatilifu halali kina usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mbolea ina wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Muuzaji akikosa vyote viwili na kukuambia "hii ni teknolojia mpya, haihitaji", mrudishie chupa yake.

Kama umeshanunua, basi usiichovyee kitalu kizima. Kata vipandikizi 40 vya bogenvilia, siku moja, kutoka mti mmoja mama wenye afya, kila kimoja sentimita 15 hadi 20. Chovya 20 kwenye dawa kwa kipimo cha lebo, ukiwa umevaa glavu, na 20 kwenye maji matupu. Panda kwenye mchanga uleule, chini ya kivuli kilekile, kila kundi na kibao chake. Baada ya wiki 8 vuta taratibu, uhesabu vyenye mizizi kila upande. Tofauti ya kimoja au viwili usiihesabu.

Kisu cha kukatia kichovye kwenye sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji kila unapohamia mti mwingine, halafu kisuuze na kukifuta kisipate kutu. Wanaouza waridi za kukata sokoni, osheni ndoo kwa sabuni, badilisheni maji kila siku na mkate upya ncha ya shina. Bakteria ndio wanaoziba mirija ya shina, ua likainamisha shingo kabla ya mteja kufika.