Ufunguo wa Jiwe la Sabuni

Miaka ya 1990, nilipokuwa nikizunguka peke yangu kuuza vitabu vya shule kuanzia Ogembo hadi Kebirigo, mkoba mgongoni na mwavuli kwapani, nilikuwa nikishuka kwenye matatu mjini Kisii na wazo moja tu, nitalala wapi, maana mvua ya huko ikianza alasiri haimngoji mtu, na ilipofika saa kumi na mbili mitaro ilikuwa imefurika maji mekundu na manamba wa gari la mwisho la Nyamira ameshaacha kuita abiria.

Siku hizi nafika nimeshalipia chumba kwa simu.

Wakati ule tuliuliza watu. Pale Daraja Mbili palikuwa na mama muuza ndizi ambaye nilimwamkia "Bwairire", naye akaitika huku akinitazama toka viatu hadi kilemba, kisha akaninong'oneza kwamba ile lojing'i ya rangi ya kijani nisiende, mtoto wangu, chini kuna baa na milango haina komeo. Nipande hadi lojing'i ya kule juu, nimwambie mwenyewe kwamba amenituma yeye. Kutumwa kulishinda kitambulisho. Ukishatumwa, wewe ni omogeni, mgeni wa mtu, na jambo likikupata kuna wa kuulizwa.

Vyumba vile wengi mnavikumbuka: kitanda cha springi kinacholia kila ukigeuka, blanketi la kijivu, kipande cha sabuni kisichozidi kidole gumba, lapa moja jekundu na jingine la buluu, na asubuhi jagi la maji ya moto nje ya mlango. Daftari la wageni liliuliza ulikotoka na uendako. Ufunguo ulifungwa kwenye kipande cha jiwe la sabuni kutoka Tabaka, kizito makusudi ili usiondoke nao, kilicholainika kwa mikono ya wageni hata kikang'aa kama kimepakwa mafuta.

Lakini zamani ile ilikuwa na meno. Jioni moja, katika mji ambao mama yule hakuwapo kunituma, milango miwili ilifungwa mbele yangu kwa sababu sikuwa na mume wa kuandikwa daftarini. Wa tatu ulifunguliwa, na usiku wa manane mtu akaanza kuugonga akisema fungua, nakujua. Nilisukuma meza ikazuia mlango, nikakaa juu yake mpaka jogoo akawika.

Kisha mambo yakabadilika. M-Pesa ikaja 2007. Mwaka 2013 serikali za kaunti zikaanza, mji wa Keroka ukajikuta mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, Chuo Kikuu cha Kisii kikapata hati yake, na hoteli za ghorofa zikainuka kwa ajili ya mikutano na wageni wa mahafali. Leo msichana mwenye mkoba anasoma maoni ya waliolala kabla yake, analinganisha bei, anachagua. Hakuna anayemuuliza mume. Faida hiyo siibadilishi na kumbukumbu yoyote.

Mwaka jana nililala katika mojawapo ya hoteli hizo. Maji ya moto yalitoka bombani, mlango ulifunguka kwa kadi, na jiwe la sabuni lilikuwa mapokezi, limechongwa twiga, linauzwa. Asubuhi niliacha kadi nikatoka. Hakuna aliyeniuliza niendako.

Nikateremka hadi Daraja Mbili. Pale alipokaa mama yangu wa ndizi palikuwa na binti wa umri wa wajukuu zake. Nilimuuliza wapi nitapata obokima, ugali wa wimbi, na rinagu, mboga ya mnavu iliyopikwa kwa maziwa. Simu ilikuwa mfukoni, nayo ingenijibu. Binti alimwachia jirani ndizi zake, akanishika mkono, akanivusha barabara na kunifikisha mlangoni, akamwambia mwenye hoteli: "Huyu ni mgeni wangu."

Basi wewe binti unayekwenda Kisii peke yako, lipia chumba chako mapema na ufunge mlango wako vizuri. Kisha teremka sokoni ukasalimie watu, na uulize njia hata kama unaijua.