Sauti Ilikuwa Inakwenda Kwingine

Sisi tunaohudumu kwenye mitambo ya usharika tulikuwa wanne. Watatu ni watu wazima wenye familia zetu. Wa nne alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, na kusema kweli ndiye pekee aliyeielewa kompyuta. Ile ya ofisini ilipojaa virusi, yeye ndiye aliyeifuta yote akaweka Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, ambayo hailipiwi hata senti. Wazee wa kanisa walifurahi. Sisi tulifurahi nusu, maana nani apenda kufundishwa na mtoto wa juzi?

Jumapili ya mavuno, watoto wa kwaya walisimama mbele wakisubiri ala zilizorekodiwa ziwaanzishie wimbo. Picha ilionekana vizuri kwenye runinga mpya ukutani, lakini spika kimya. Watoto wakatazamana, mdogo wao akaanza kulia. Baada ya ibada tulimgeukia kijana, watu wakisikia, tukamwambia hiyo Linux yake imetuaibisha. Aliomba nusu saa aichunguze. Tukamnyima. Mathayo 18 tunaifundisha kila mwaka darasa la kipaimara, kwamba ndugu aliyekosa huonywa kwanza faraghani. Siku ile haikutujia kichwani. Aliweka funguo na daftari mezani, akaondoka.

Jumapili mbili hakuonekana hata ibadani.

Jumamosi iliyofuata tulikaa wenyewe mbele ya mashine. Tuliunganisha spika na simu, zikalia. Basi tatizo halikuwa spika wala waya. Hapo ndipo mmoja wetu alipofungua lile daftari. Ukurasa wa kwanza: "Sauti ikipotea."

Tukafuata mwandiko wake. Kwanza alsamixer, programu inayoonyesha njia za sauti kama nguzo zilizosimama. Chini ya nguzo ukiona MM, njia imefungwa, na kitufe cha M huifungua. Zetu zilionyesha OO, yaani wazi. Halafu pavucontrol, ambayo alikuwa ameshatuwekea. Tulicheza wimbo, tukaona mstari ukipanda na kushuka kufuata ngoma. Mashine ilikuwa inaimba! Ila hatukuisikia. Mstari wa mwisho wa ukurasa ulisema: "Angalieni sauti inaelekezwa wapi."

Ilielekezwa HDMI, yaani kwenye runinga. Waya ule hubeba picha na sauti pamoja, na kompyuta ilipoiona runinga ikaipelekea vyote viwili. Runinga hiyo tuliitundika sisi watatu, siku moja kabla ya mavuno, kijana hayupo. Sauti yake tuliipunguza hadi sifuri sisi wenyewe, isije ikasumbua ibada. Tulibofya mara moja kurudisha sauti kwenye tundu la spika, na ofisi nzima ikajaa wimbo wa watoto. Hakuna aliyeshangilia.

Jioni ile tulikwenda kwao. Mama yake alitukaribisha chai, hakutuuliza kitu. Tulimwomba kijana msamaha, akasema, "Yameisha, wazee wangu." Mmoja wetu aliona hayo yanatosha. Tulibishana njia nzima kurudi, mwishowe tukakubaliana: tulimsema mbele za watu, tuombe radhi mbele za watu. Kesho yake tulifanya hivyo kabla ya matangazo.

Siku hizi anakuja ibadani, anakaa na vijana wenzake upande wa dirishani. Kwenye meza ya mitambo hajarudi. Daftari lake bado liko pale, na kiti chake hatujampa mtu.