Mbao Niliyoilaza



Mnanijua mimi kapita, anayeandika majina ya wenye makosa kila asubuhi. Leo naandika lile la kwangu.

Mwaka jana, likizo kubwa, baba alinipa franga ninunue mbao za dari. Alitaka juu ya chumba cha wadogo pawe pahali pa kuweka mifuko ya mahindi na maharagi. Nikaenda depo hapa Bunia, pale mbao za pori la Mambasa zinapofika, nyingine zikiendelea mpaka Uganda. Mi nilichagua rangi na bei: libuyu nyekundu, madriye sita za santimetre 5 kwa 15. Zilikuwa mbichi, nzito kwa maji. Sikuuliza kitu.

Fundi alikuwa na homa. Nikasema, bon, nitapanga mwenyewe. Ukuta mpaka ukuta ni metre 3. Nikazilaza bapa, sababu hivyo zilitulia vizuri na misumari iliingia bila taabu.

Miezi mitatu ikapita. Usiku mmoja mama akapiga kelele. Mbao zilikuwa zimeshuka tumbo kama kamba ya nguo, na moja ilipasuka juu ya kitanda cha mdogo wangu wa miaka sita. Mfuko ulibaki umening'inia kwa mbao ya jirani. Baba hakunipiga. Aliuliza tu, "We si unasoma fizika?"

Kesho yake fundi alikuja, akacheka, akazigeuza zile tano zisimame kwa ubavu, na katikati akatia vipande kusudi zisilale upande. Ya sita akanionyesha: ilikatika penye jicho, pahali tawi lilitokea, tena chini, katikati kabisa, pale mbao inavutwa kupita pote. "Jicho kama hili unaweka juu, ao unaacha mbao depo," akasema.

Usiku nilifungua kaye. Ugumu wa mbao wa kukataa kupinda unafuata upana mara kimo, mara kimo, mara kimo. Ikilala: 15×5×5×5, ni 1.875. Ikisimama: 5×15×15×15, ni 16.875. Mara tisa! Mbao ni ile ile, franga ni zile zile. Nguvu ya kutovunjika nayo inapanda mara tatu.

Huko Ulaya mbao ya jengo inapigwa muhuri, kama C16 ao C24. Namba ndiyo nguvu yake ya kubeba mzigo bila kuvunjika. Kwa depo yetu sikuona muhuri. Muhuri ni macho yako, na metre mfukoni: ile ya sita nilipoipima, 5 yake ilikuwa 4 na nusu. Na mbichi ikikauka chini ya mzigo, inabaki na mpindo wake.

Mpya tuliyonunua ilikauka kivulini wiki nyingi mbele ya kupandishwa. Mdogo wangu amerudi kulala pale, lakini kila jioni anatazama juu na kuhesabu mbao: moja, mbili, mpaka sita. Mi namngoja amalize, ndipo nazima taa.

Kapita, darasa la sita